Mwalimu aliyenifundisha kuchora kakosea vivuli, nimwambieje?

BARUA

Anti shikamoo. Naomba jina langu libaki kapuni maana binti yake Mwalimu ni msomaji wako mzuri tu na akiunganisha mambo mawili matatu atajua ni nani anaongea hapa.

Mimi ni kijana wa kiume miaka 33, nipo Dar, kazi yangu kuchora. Nachora vitabu vya watoto, mabango, katuni za semina, chochote kinacholeta hela. Nimezaliwa hapa hapa Dar ila baba alivyofariki nikapelekwa Kigoma kwa baba mdogo na sekondari nimesomea kule ndo nikakutana na Mwalimu. Alikuwa anafundisha Jiografia, kuchora hakukuwa hata kwenye ratiba, lakini alikuwa anatubakiza watu watano sita baada ya vipindi anatupa karatasi za mitihani ya zamani tunachora upande wa nyuma. Penseli yangu ya kwanza ya maana, zile laini za 4B, alininunulia yeye kwa hela yake na mshahara wa mwalimu unaujua. Sasa huyu mzee alikuwa na tabia moja, hakuwahi hata siku moja kugusa mchoro wa mtu kwa kalamu yake. Ukikosea anaugeuza juu chini anakuuliza "unaona nini?" unakaa unauangalia weeee mpaka unaona mwenyewe. Ukishindwa anachora kidogo kwenye kipande cha karatasi pembeni, anakuachia hicho kipande anaondoka zake.

Amestaafu miaka kadhaa imepita, mke wake alivyofariki binti yake akamleta Dar anaishi naye Kimara. Mwaka jana nikapata kazi nyingi zimenizidi, kuna mchapishaji alikuwa anataka mtu wa kuchora kitabu cha watoto picha 12, mimi nikasema yupo mtu, nikamtaja Mwalimu. Wakaona michoro yake ya zamani wakakubali. Anti mzee alifurahi sijui nikwambieje, binti yake alinipigia simu akaniambia baba siku hizi anaamka anaoga anakaa mezani kama mtu anaenda kazini.

Hadithi yenyewe ni ya watoto wawili hapa Dar, baba yao mvuvi, giza linaingia boti hazijarudi, wanamsubiri ufukweni pamoja na mama anayekaanga samaki. Picha 11 ni nzuri, kweli kabisa sio kwamba namtetea. Tatizo ni ile ya katikati, ile kubwa inayokaa kurasa mbili, baba anaporudi. Ndo picha ya kitabu chote na imekataa.

Ngoja nikueleze ilivyo. Jua linazama baharini, kubwa jekundu. Anti hii ni Dar! Bahari yetu ipo mashariki, jua linachomoza kule halizami kule, hata mtoto wa darasa la tatu wa Dar anajua, na huyu ndo mtu aliyenifundisha mimi mashariki na magharibi kwa ubao na chaki. Halafu jua lipo nyuma yao lakini nyuso za watoto zinang'aa kama zimepigwa flashi ya simu. Kivuli cha mnazi kinaelekea kwenye jua badala ya kulikimbia, kivuli cha ngalawa kinaenda kushoto, mama wa samaki hana kivuli kabisa. Meza ya samaki imeinuka kama inatazamwa kutoka juu ya paa wakati kibanda cha pembeni yake unakiona kama umelala chini. Kuta mbili za kibanda, ukifuata mistari yake mmoja unafika baharini mwingine unaenda mawinguni. Na baba mwenyewe yupo mbali kule majini ila ana kimo cha mnazi.

Siku aliyoileta kwangu akaitandaza kwenye meza ya chakula akasema "haya, sasa wewe ndo fundi, nikosoe." Nikasema nzuri sana Mwalimu, hongera. Nimedanganya. Akaniangalia kidogo hivi akasema sawa, akanywa chai yake, akasogea dirishani kuiangalia tena, akalalamika kwamba rangi za siku hizi zimefifia sio kama za zamani, akaondoka. Usiku sikulala, nikafungua simu nikaandika makosa yote, yakafika 17.

Sasa mhariri naye kaiona. Kanipigia mimi, sio Mwalimu. Kasema "we si una Photoshop, irekebishe kimyakimya, tutakuongezea laki mbili, mzee kwanza hatojua." Zimebaki wiki tatu kitabu kiende kiwandani. Mke wangu anasema nikimficha Mwalimu nimemtukana, rafiki yangu tunayefanya naye kazi anasema nikimwambia nimemuua. Na mimi ndo niliyemuingiza kwenye hii kazi, kitabu kikitoka hivi wataniona mimi sijui kuchagua mtu, kikitoka nimekigusa atajua, yule mzee anaujua mstari wake hata umuamshe usiku. Nisaidie Anti, nimwambie vipi mtu aliyenifundisha kuona kwamba yeye mwenyewe haoni?

Mwanafunzi, Dar

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza kama mshauri, mara ya pili na ya tatu kama mtoto wa mchora mabango, maana baba yangu Mungu amrehemu alikula na kutulisha kwa brashi, alichora mabango ya saluni na mabucha Tanga nzima na makosa unayoyasema mengine nayajua kwa sababu nilikuwa namshikia uzi.

Kwanza nikurudishie shida yako nilivyoielewa, uniambie kama nimekosea. Nadhani umeandika shida mbili ukazifunga fundo moja. Moja ni ya karatasi, kwamba mwanga hauna chanzo kimoja na mistari haikutani panapotakiwa, hiyo ina majibu na mafundi kama nyie mnayajua. Nyingine ni kwamba ulipewa nafasi ya kusema ukweli, ukasema hongera, na sasa mhariri kaja kukupa njia ya kutosema milele tena kwa malipo. Nahisi inayokunyima usingizi ni hii ya pili. Makosa 17 umeyaandika usiku wa siku ile ile uliyodanganya, na mtu akishadanganya kwa upole anakuwa mkali sana akibaki peke yake.

Hebu tuichukue hiyo orodha kidogo. Si ya uongo, naamini kila ulichoandika kipo. Lakini umeandika "kakosea" kila mahali na hujaandika hata sehemu moja alikuwa anajaribu kufanya nini. Nianze na jua. Wewe umesoma Kigoma. Kigoma ipo upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo jioni jua linashuka wapi? Linashukia ziwani, nyuma ya milima ya Congo. Mwalimu maisha yake yote ya kazi kaona jua linazama majini, na wewe umeliona miaka yote ya sekondari ukiwa naye. Mtu wa Jiografia hajasahau magharibi iko wapi. Mimi nadhani aliposoma kwenye hadithi "jioni" na "ufukweni" mkono wake ulienda Kigoma wenyewe, labda kwa mkewe huko, sijui. Inawezekana nimekosea kabisa na ni uzembe tu wa mzee, ila hilo huwezi kulijua mpaka umuulize, na "Mwalimu hili jua ni la wapi?" ni swali tofauti sana na "Mwalimu jua halizami baharini Dar."

Na huyo baba mrefu kama mnazi. Kwa sheria umepatia, mstari wa bahari na mbingu unakaa usawa wa macho ya anayetazama, kwa hiyo ukimpita mama wa samaki kifuani basi mtu mzima yeyote wa kimo chake aliyesimama usawa ule ule wa ardhi utampita kifuani vile vile, awe karibu awe mbali. Kama baba unampita magotini basi hapo umechora jitu. Baba yangu alinifundisha hili ufukweni bila karatasi, alinambia chuchumaa, nikachuchumaa, akanambia bahari imeenda wapi, nikaona mstari umeshuka na mimi, nikasimama ukapanda na mimi, nikacheza hivyo mpaka nikachoka. Lakini jiulize pia hii ni hadithi ya nani. Ni watoto wawili waliokuwa wanaogopa baba amekufa maji. Wamisri wa kale walikuwa wanamchora Farao mkubwa kuliko watu wote waliomzunguka na walijua fika hana urefu huo. Je, Mwalimu kamkuza baba kwa makusudi? Kama ni makusudi basi kosa sio urefu, kosa ni kwamba hajakuza vya kutosha kiasi cha msomaji kuelewa kwamba ni makusudi, imebaki katikati inaonekana kama ajali. Hayo ni maoni tofauti kabisa na yale uliyoandika kwenye simu, na yanampa mtu kitu cha kufanya kesho asubuhi.

Unanielewa ninakoelekea? Sikwambii picha iko sawa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa hapa Dar mwaka 1968, rangi za mafuta za kung'aa juu ya hadibodi, chui na ndege wamekaa bapa bila kivuli wala umbali, akafariki 1972 na mpaka leo watu wanachora kwa jina lake, hakuna anayeuliza mwanga wa ile picha unatoka wapi kwa sababu picha yenyewe haikuahidi mwanga. Mwalimu wako kaahidi. Ukishaweka jua na kivuli kimoja tu umemwambia msomaji kwamba humu ndani kuna jua, na mtoto wa miaka saba hajui neno pespektivu, yaani kanuni za kuonyesha umbali kwenye picha, lakini anahisi kuna kitu hakijakaa. Kwa hiyo nakubaliana na wewe kwamba picha ina tatizo, ninachouliza ni kama kweli ni matatizo 17. Mimi naona kama matatu. Mwanga unatoka wapi, anayetazama kasimama wapi, na baba ana ukubwa gani. Meza iliyoinuka na kibanda kilicholala na kuta zinazoenda mbinguni hizo zote ni swali moja la macho yapo wapi, hata urefu wa baba ni mtoto wake, na ukilijibu hilo mengine mengi yanajirekebisha yenyewe. Mtu mzima ukimpa matatu anaenda kufanya kazi, ukimpa 17 anaenda kulala.

Kuna kitu kingine umekiandika ukapita nacho haraka. Umesema alisogea dirishani, umesema alilalamika rangi zimefifia. Mimi si daktari na sitaki kumpa mtu ugonjwa kwa barua. Ila mtoto wa jicho anakuja taratibu kwa watu wa umri wake, rangi zinapauka, zinakuwa kama za njano njano, mwanga unasumbua, na mwenyewe hagundui kwa sababu inaingia kidogo kidogo, analaumu rangi. Claude Monet yule mchoraji wa Ufaransa ilimpata, aliambiwa na madaktari mwaka 1912 na akaja kufanyiwa upasuaji 1923, na michoro ya katikati hapo rangi zake zilielemea kwenye wekundu na kahawia. Hilo halielezi mistari ya kibanda, mistari ni jambo jingine. Lakini kabla hujaamua kwamba mzee kachoka au kipaji kimeisha, ingefaa binti yake ajue ulichokiona dirishani, awe na sababu ya kumpeleka kupimwa macho. Mwambie binti kwa upole na usichanganye na habari ya picha, maana akisikia "macho" na "kitabu" kwenye sentensi moja ataogopa kuwa kazi inanyang'anywa.

Sasa tuje kwa njia ulizonazo. Ya mhariri kwanza kwa sababu ndo inakuja na laki mbili. Sikulaumu kuifikiria, wiki tatu si nyingi na wewe kwa kompyuta ungemaliza kwa siku moja. Na kuna siku kweli kurekebisha kimya ni fadhila, vitu vidogo, doa, mstari uliovuka ukingo, wahariri wanafanya hivyo kila siku. Lakini hiki sio doa. Kugeuza jua, kuhamisha vivuli, kumpunguza baba, hiyo ni picha nyingine yenye jina lake chini. Umesema mwenyewe atajua. Halafu angalia na karatasi za kisheria, mkataba aliosaini unasemaje kuhusu mabadiliko, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kupinga kazi yake ikibadilishwa kwa namna ya kumshushia heshima. Sidhani Mwalimu atakwenda mahakamani kumshitaki mwanafunzi wake. Atanyamaza tu, na kunyamaza kwa mzee wa namna hiyo sijui kama utakuweza. Lakini pia nisikufiche upande wa pili, wapo watu ambao wangependa irekebishwe bila wao kuambiwa, wanajua, na hawataki kuongea. Inawezekana yeye ni mmoja wao. Ila alikwambia nikosoe, neno lake hilo.

Njia nyingine ni kukaa kimya kabisa, kitabu kitoke kama kilivyo. Hii watu wanaidharau ila ina uzito wake, watoto watakipenda kitabu kwa zile picha 11, mzee atabaki na furaha yake ya kuamka na kuoga, dunia haitaanguka kwa sababu ya kivuli cha mnazi. Hatari yake ni kwamba mhariri hajaridhika, kwa hiyo kimya chako hakizuii kitu, picha itarekebishwa na mtu mwingine asiyemjua Mwalimu, au mhariri atampigia moja kwa moja na atamwambia kwa lugha ya ofisini. Na mzee atajiuliza kwa nini mwanafunzi wangu aliona akanyamaza. Nadhani tayari anajiuliza. Lile jicho alilokuangalia kabla ya kunywa chai, mimi nimelisoma hivyo, ingawa wewe ndo ulikuwepo.

Halafu kuna kumwambia. Mkeo na rafiki yako wanabishana kama vile kumwambia kuna namna moja tu, ya kumkalisha mzee na kumsomea orodha. Ukifanya hivyo rafiki yako yuko sahihi. Lakini barua yako ina njia nyingine na umeiandika kwa mkono wako mwenyewe kule juu. Hakuwahi kugusa mchoro wa mtu kwa kalamu yake, anaugeuza juu chini, anauliza unaona nini, anachora pembeni anaondoka. Huyu mtu alishakufundisha anavyotaka kukosolewa miaka kumi na kitu kabla hajakuomba.

Kwa mfano, na huu ni mfano tu, unaweza kwenda Kimara na picha na pini moja na uzi. Unabandika pini kwenye mstari wa bahari unampa yeye uzi aushike, anaufuatisha kwenye ukuta wa kibanda, anauona mwenyewe unakwenda wapi. Hujasema neno. Au unaipiga picha kwa simu unaigeuza iwe kama kwenye kioo, kulia kuwe kushoto, unampa aangalie, macho yaliyozoea picha yakigeuziwa yanashtuka. Ukiitoa rangi ikabaki nyeusi na nyeupe ndo utaona nyuso za watoto zinavyong'aa kuliko jua lenyewe, na hiyo inamsaidia zaidi kama rangi zinamsumbua macho kweli. Karatasi ya kutresi juu ya picha, yeye achore vivuli upya juu yake bila kuharibu kitu chini.

Na maswali. Swali ninalolipenda kuliko yote kwenye mwanga ni "huu wa usoni unatoka wapi?" kwa sababu halimwambii kakosea. Labda atasema hautoki popote nilitaka tu furaha yao ionekane. Na ana haki, ukifuata jua la nyuma kwa ukali watoto wanakuwa vivuli vyeusi na kitabu kinapoteza sura za watoto wakati wa furaha yenyewe, na ukimrekebisha kwa sheria peke yake utakuwa umeiua hiyo picha. Lakini yupo mama wa samaki hapo, tena hana kivuli. Mama anakaanga, kwa hiyo ana moto. Watoto wakisogezwa karibu na jiko, nyuso zinapata mwanga kutoka chini, wa rangi ya chungwa, na jua linabaki nyuma linawachora ukingo wa nywele na mabega. Vivuli vya karibu na moto vinatawanyika kila kimoja kuukimbia moto, vile vya mbali vinalala upande mmoja vikielekea kwetu virefu kwa sababu jua lipo chini. Hapo una mianga miwili na yote ina kwao. Sijui kama Mwalimu atalipenda hili wazo na si lazima liwe hili, lakini ni zuri zaidi likitoka kinywani mwake, na kwa swali lile naona kuna uwezekano likatoka.

Jua nalo lina mlango ambao hujauona. Bahari ya Dar jua linachomoza pale, umesema. Na wavuvi wa usiku wanarudi saa ngapi? Alfajiri. Kama watoto walisubiri mpaka kulipokucha, jua la Mwalimu linakaa pale pale lilipo bila kuguswa, kinachobadilika ni neno moja au mawili kwenye hadithi. Hapo utahitaji mwandishi akubali, na anaweza kukataa kwa haki kabisa kwa sababu kusubiri usiku kucha ni hadithi nzito kuliko kusubiri jioni, na watoto wadogo watauliza kwa nini hawakulala. Ila mhariri anaweza kuuliza, hiyo ni kazi yake, na itamtoa kwenye kukupigia simu wewe za pembeni. Au hadithi isitaje Dar kabisa. Au jua liende nyuma yetu sisi tunaotazama, liwapige watoto usoni, nyuso zing'ae kihalali, lakini lile duara jekundu linaondoka kwenye picha na sijui kama mzee yuko tayari kuachana nalo, hasa kama ni la Kigoma.

Hatari za kumwambia zipo, nisikupambie. Anaweza kukasirika. Anaweza kusema sawa sawa halafu asiguse brashi tena, wazee wetu wengine ndivyo walivyo, hawagombi wanaacha tu. Anaweza kukubali na wiki tatu zisimtoshe, hapo utahitaji kuongea na mhariri mapema kuhusu muda, tena kabla ya kwenda Kimara ili usije ukampa mzee kazi ambayo haitasubiriwa. Na anaweza kukwambia wewe hujui, nimechora ninachotaka, iache. Akisema hivyo utafanyaje? Fikiria hilo kabla, maana ukienda kuuliza inabidi uwe tayari na jibu usilolipenda, vinginevyo ulikuwa unaenda kumuamrisha kwa sauti ya chini.

Kuna dogo la mwisho. Ile hongera uliyosema sio lazima uifute kwa hotuba. Unaweza kumwambia "Mwalimu siku ile niliona haya kusema", basi, atakuelewa, amefundisha vijana waoga maisha yake yote. Na ukimwambia, anza na baba anaporudi, mwambie picha ile ndo moyo wa kitabu ndo maana umerudi nayo, kwa sababu ni kweli na umeniandikia hivyo mwenyewe.

Ukiona inafaa, mchukue jioni moja mwende ufukweni badala ya kuongelea mezani kwa binti yake. Fikeni kwenye saa kumi na moja na nusu, kwetu huku giza halibembelezi, likianza dakika chache tu limeingia, na atakuwa ameona kila kitu anachotakiwa kukiona, kivuli cha mnazi kinalala kuelekea baharini, mawingu ya juu ya maji yanapakwa rangi na jua lililopo nyuma ya migongo yenu, watu wanakaanga mihogo na mwanga wa moto upo usoni kwao. Unaweza usiseme lolote. Beba kiti cha kukunja, asisimame muda mrefu, na kipande cha karatasi na penseli laini, ile ya 4B.